Kelele za injini ndani ya kabini ya pikapu ya dizeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dereva anayekaa kwenye pikapu ya dizeli kutwa nzima huchoshwa na mngurumo kuliko usukani. Akishuka, masikio yanavuma, na akiongea na watu anapaza sauti bila kujua. Haya hayastahili kuvumiliwa eti kwa sababu gari ni la kazi. Sehemu kubwa ya kelele hizo inaweza kupunguzwa, na mara nyingi kinachohitajika kwanza ni tochi na spana kabla ya mabunda ya vifaa vya kubandika.

Kwa nini dizeli inagonga hivi, wakati injini ya petroli inatulia?

Injini ya dizeli haiwashwi na plagi za cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwa uwiano wa 15 hadi 22 hivi kwa 1, mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yanayopuliziwa na nozeli. Mafuta hayo hayawaki papo hapo. Kuna kuchelewa kidogo sana, na wakati huo dizeli inaendelea kuingia na kuchanganyika na hewa. Moto unaposhika, kile kilichokwisha kulimbikizana kinawaka kwa mkupuo, presha inaruka ghafla, na chuma chote cha injini kinatikisika. Hapo ndipo unapotoka ule mlio mkavu wa kugonga wa dizeli. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kuchelewa huko kunaongezeka, ndiyo maana inagonga zaidi mpaka ipate moto.

Injini za komoni reli (za kisasa, ambazo kompyuta ndiyo inaongoza upulizaji wa mafuta) hupuliza tone dogo la mafuta kabla ya pulizo kubwa, ili presha ipande taratibu. Ukitoka kwenye pikapu ya zamani yenye pampu ya kimakanika ukaingia kwenye ya komoni reli, tofauti unaisikia hata kabla hujaondoka. Kwa hiyo ujue umri wa injini yako kabla ya kujiwekea matarajio. Pampu ya zamani itagonga hata ikiwa nzima kabisa.

Chini ya mlio huo wa kugonga kuna mvumo mzito. Injini ya silinda nne huwasha mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika inapiga mara 60 kwa sekunde. Mlio wa kugonga na mvumo ni wagonjwa wawili tofauti na dawa zao ni tofauti. Watu wengi hutumia pesa kwenye dawa ya mmoja wakitarajia kumponya mwingine.

Nitajuaje kama ni injini kweli, na si matairi au upepo?

Tafuta barabara tupu iliyonyooka. Ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, kanyaga klachi (au weka N kwa gari la otomatiki) na uachie mafuta, injini ishuke mpaka mizunguko yake ya chini kabisa. Usiizime, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Kama kelele imebaki karibu ileile, lawama ni za matairi, upepo, au difu (gia za kwenye ekseli). Matairi ya kashata kubwa za matope yanavuma kwa kufuata mwendo wa gari, hayajali injini iko kwenye mizunguko mingapi.

Kisha simama, weka nyutro, upandishe injini polepole mpaka mizunguko unayotumia safarini. Mvumo ukitokea palepale gari likiwa limesimama, basi ni injini au ekzosi. Mlio wa difu una tabia yake: unabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, mwendo ukiwa uleule.

Nikishajua ni injini, nianze na nini?

Anza na ubovu. Kubandika vifaa juu ya ubovu ni kuuficha, na ubovu mwingine ni wa hatari.

Wa kwanza ni ekzosi inayovuja. Gasketi ya manifoldi ikikatika, utasikia tiki-tiki inayoongezeka ukikanyaga mafuta na kupungua injini ikipata moto, kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba ufa. Angalia maungio: masizi meusi yaliyochorwa kama manyoya pembeni mwa flanji ndiyo ushahidi. Hili lirekebishwe siku hiyohiyo ukiweza. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kelele zinapopata njia ya kuingia kabini, moshi nao unaitumia njia hiyo.

Washa za shaba za chini ya nozeli zikichoka, mgandamizo unapenya na kutoa sauti ya "chu-chu-chu" juu ya injini, na pembeni mwa nozeli panajaa lami nyeusi ngumu. Ukiliacha, nozeli inajikaanga na lami hiyo mpaka kuitoa inakuwa kazi nzito.

Feni ya rejeta yenye klachi ya mnato (inayoishika feni penye joto na kuilegeza penye ubaridi) ni mtuhumiwa anayesahaulika. Ikishikana moja kwa moja, inanguruma kila injini inapopanda, na dereva anadhani ni injini yenyewe. Kunguruma dakika chache baada ya kuwasha asubuhi, au ukipanda mlima kwenye joto, ni kawaida. Ikiwa haiachi hata barabara tambarare wakati wa ubaridi, klachi yake imekwisha.

Kagua pia njia ya hewa. Kifuniko cha kichujio ambacho kibanio chake kimevunjika, au hozi ya turbo iliyopasuka, huingiza kabini mfoko unaosikika unapobeba mzigo. Bamba la chini la kukinga injini likipoteza bolti moja, linatetema peke yake.

Mauntingi za injini zinahusikaje?

Zinahusika sana, pengine kuliko kitu kingine chochote kwa upande wa mvumo mzito. Kelele zina njia mbili za kukufikia: hewani, kupitia matundu na mabati membamba, na kwenye chuma, kutoka injini hadi chesisi hadi bodi hadi kiti chako. Mauntingi, yaani vikalio vya raba vinavyobeba injini, ndiyo kizuizi cha hiyo njia ya pili. Raba ikikauka, ikipasuka au ikilala mpaka chuma kikagusa chuma, mtikisiko unapita bila kupunguzwa, na hakuna kapeti litakalousaidia.

Fungua boneti, mtu mmoja aketi ndani amekanyaga breki barabara, aingize gia na kuachia klachi kidogo tu mpaka injini ianze kuvuta. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari, uangalie. Injini inatakiwa iegemee kidogo na kurudi. Ikiruka na kugonga, mauntingi imekatika. Zile zenye mafuta ndani huacha doa jeusi lenye unyevu zikipasuka.

Usiishie kwenye injini. Ipo mauntingi ya gia boksi, zipo raba za kuning'inizia ekzosi, na zipo raba kubwa kati ya kabini na chesisi ambazo huwa hazikumbukwi kabisa. Pitisha mkono kando ya bomba la ekzosi, gari likiwa la baridi, kuhakikisha haligusi chesisi wala sakafu popote. Mguso mdogo tu unatosha kulifanya bati zima la sakafu livume.

Na kuhusu bushi na mauntingi ngumu za poliyurethani: zinadumu na zinashika injini vizuri, ila zinapitisha mtikisiko zaidi ya raba. Ukizifunga kwenye gari unalotaka litulie, unajipinga mwenyewe.

Matundu madogo kweli yana madhara makubwa hivyo?

Ndiyo, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Sauti haitafuti njia pana, inatosheka na uwazi wowote. Ukuta ukiwa na matundu yanayofikia asilimia 1 tu ya eneo lake, hauwezi kupunguza sauti zaidi ya desibeli 20, hata sehemu iliyobaki ingekuwa ya zege. Kwenye sakafu na ukuta wa mbele wenye jumla ya mita mbili za mraba, asilimia 1 ni uwazi wa sentimita 14 kwa 14. Huo ni karibu ukubwa wa shimo linalotokeza mti wa gia.

Basi anzia hapo. Vua kava la ngozi linaloonekana, chini yake utakuta la raba. Kwenye pikapu zilizotumika sana raba hiyo huwa imechanika kwenye mkunjo wa chini, au fundi aliyeshusha gia boksi hakuirudisha. Ukichungulia ukaona mwanga wa ardhi, umeshalipata tundu kubwa kuliko yote. Gari la four-wheel lenye mti wa pili lina la pili kama hilo.

Kisha subiri usiku. Weka tochi yenye mwanga mkali ndani ya boneti, injini ikiwa imezimwa, ielekee kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Ingia ndani, funga milango, lala chini ya dashibodi na uangalie kila panapong'aa. Kwa kawaida mwanga utaonekana kwenye raba zinakopita nyaya, hasa pale mtu alipopitisha waya wa redio au taa za ziada akakata raba kwa kisu. Kwenye buti ya shafti ya usukani. Kwenye kebo ya klachi. Na mabomba ya AC yanapoingilia. Rudisha raba sahihi penye tundu la raba. Penye upenyo usio na umbo, tumia udongo wa butili (raba laini inayonata) unaofinyangwa kwa mkono, haukauki wala haupasuki.

Raba za milango zijaribu kwa karatasi: funga mlango juu yake, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mahali hapo pamelegea. Wakati mwingine raba haina neno, kinachotakiwa ni kusogeza kidogo ile pini ya kitasa kwenye nguzo ili mlango ukae ndani zaidi.

Vifaa vya kubandika ni vya aina gani, na kila kimoja kinafanya nini?

Viko vya aina tatu kwa kazi tatu, na kosa la kawaida ni kutegemea kimoja kifanye zote.

Shiti za butili zenye foili ya aluminiamu zinatuliza bati linalotetema. Hazizuii sauti inayopita, zinalinyima bati nafasi ya kulia lenyewe. Gonga sakafu kwa kifundo cha kidole: bati tupu linalia kama sufuria na mlio unabaki hewani; bati lenye butili linatoa "du" fupi na kunyamaza. Huhitaji kufunika kila inchi. Ukibandika robo ya eneo la bati, katikati yake panapotetema zaidi, umepata sehemu kubwa ya faida. Kinachohitajika ni kuikandamiza kwa rola mpaka michoro ya foili ilale, maana butili yenye hewa chini yake haifanyi kazi.

Vinaili nzito, ile ya takribani kilo 5 kwa mita ya mraba, ndiyo inayozuia sauti ya hewani. Nguvu yake ni uzito wake. Ila lazima iwe zulia moja lisilo na mianya, likipandana kwenye maungio, na lisiguse bati moja kwa moja. Kati yake na bati inalala aina ya tatu: sponji ya seli zilizofungwa, unene wa milimita 5 hadi 10, inayoitenga vinaili na mtikisiko. Seli zilizofungwa maana yake hainyonyi maji. Sponji ya godoro hunyonya, na sakafu ya pikapu haikosi maji.

Mpangilio kutoka chini kwenda juu ni huu: butili, sponji, vinaili, kapeti. Pesa zikiwa chache, weka butili kwenye sakafu na ukuta wa nyuma wa kabini, kisha vinaili na sponji sehemu za miguu na kupanda kwenye bati la mbele kadiri mkono unavyofika chini ya dashibodi. Paa na milango vinasaidia zaidi kelele za mvua, upepo na redio kuliko za injini.

Lami ya kuezekea au trei za mayai zinafaa?

Hapana. Lami inalainika kwa joto, inanuka ndani ya kabini na hatimaye inadondoka. Trei za mayai hazina uzito wala hazitulizi bati, na zinashika moto.

Nikibandika chini ya boneti je?

Aliyesimama nje ataisikia tofauti, wewe wa ndani utaisikia kidogo. Kama gari lilitoka kiwandani na pedi ya boneti na imeoza, irudishe. Tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya chumba cha injini, yenye uso wa foili na isiyoshika moto, iliyofungwa kwa vibanio pamoja na gundi. Sponji ya kawaida inayonyonya oili na dizeli juu ya turbo ya moto ni hatari ya wazi. Kadhalika usibandike chochote kwenye sakafu kwa upande wa chini karibu na ekzosi. Kichujio cha masizi kinapojisafisha, moshi ndani yake unafika nyuzi 600 hivi za Selsiasi.

Nimebandika kila kitu na mvumo mzito bado upo. Nimekosea wapi?

Inawezekana hukukosea popote. Wimbi la sauti la hezi 60, yaani yale mapigo 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 6, refu kuliko kabini yako. Sponji ya sentimita moja haliioni kabisa. Mvumo huo unapunguzwa kwenye chanzo na kwenye njia ya chuma, yaani mauntingi, raba za ekzosi, na sailensa yenyewe.

Kabini ndogo iliyofungwa ina masafa yake inayoyapenda, na injini ikiyafikia, mvumo unajaa masikioni. Jaribu kupandisha au kushusha mizunguko 200 tu. Kama mvumo unaondoka, kuna sehemu inayoitikia, mara nyingi bati la nyuma ya kiti, ambalo ni pana, bapa na tupu. Weka kiganja juu yake mtu mwingine akishikilia mizunguko hiyo, utalisikia likipumua. Hapo butili ina kazi ya kweli. Angalia pia usilazimishe gia ya juu mwendo ukiwa mdogo, maana dizeli inayovutwa chini ya mizunguko 1,500 ikiwa na mzigo inavuma kuliko ikiwa kwenye gia ya chini yake.

Niliondoa sailensa gari livute vizuri. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

Ndiyo. Irudishe kabla ya kufanya jingine lolote.

Kuna mlio ninaousikia nyutro, nikikanyaga klachi unapotea.

Huo ni wa gia boksi: beringi ya shafti ya kuingilia, au meno yanayogongana kwa mapigo ya injini, hasa flaiwili (gurudumu zito kati ya injini na klachi) ya vipande viwili ikichakaa. Mlio unaoanza *ukikanyaga* klachi unaelekeza kwenye beringi ya klachi.

Nikifungua kabini kufanya kazi hii, nichunge nini?

Chomoa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya za viti, kwa sababu soketi za njano chini yake ni za eabegi. Nguzo za pembeni zenye eabegi za pazia usizijaze kitu.

Ukishatoa kapeti, kausha sakafu kabisa. Ukikuta unyevu, tafuta ulikotoka, maana kufunika maji kwa butili ni kuukaribisha kutu. Kwaruza kutu, paka primer, kisha pangusa kwa spiriti ndipo ubandike.

Yapo matundu ambayo hayazibwi: ya kutolea maji chini ya milango, bomba la maji ya AC, na vipumulio vya hewa vya nyuma ya kabini. Vipumulio hivyo vikizibwa, milango inakuwa migumu kufunga na vioo vinashika ukungu. Bolti za viti na mikanda zifungwe chuma kwa chuma, kata vifaa pembeni mwake. Mwisho, hakikisha pedali zinashuka hadi chini. Sakafu iliyopanda sentimita mbili inaweza kuizuia klachi isiachie.

Uzito utaongezeka kiasi gani?

Mita nne za mraba za vinaili ni kilo 20 hivi, na butili juu yake. Kwa pikapu si kitu.

Nitapimaje kama kuna mabadiliko?

Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kulinganisha kabla na baada, ilimradi simu iwe ileile, mahali palepale, barabara ileile, vioo vimefungwa, feni ya AC imezimwa. Usiiamini kama kipimo halisi. Pungufu ya desibeli 10 sikio linaisikia kama nusu ya kelele; pungufu ya 3 inasikika kwa shida, lakini nguvu ya sauti imepungua nusu na sikio limepumzishwa kweli.

Hilo la sikio lichukulie kwa uzito. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza usizidi wastani wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Usikivu ukishapotea kwa njia hii haurudi.

Aina ya dizeli inaweza kubadili kelele?

Kwa kiasi. Namba ya seteni ndiyo inayoonyesha jinsi mafuta yanavyowaka upesi. Ikiwa juu, kuchelewa kunapungua na mlio wa kugonga unalainika. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka isipungue 51, na cha Marekani, ASTM D975, kinataka isipungue 40. Ukiona gari limeanza kugonga baada ya kujaza mahali fulani na likatulia ulipobadilisha, sababu unayo. Mlio wa kugonga ulioanza ghafla na moshi mweusi au mweupe ni suala la nozeli au taimingi, mpelekee fundi wa pampu.

Gari langu ni la shamba, linaoshwa ndani kwa mpira wa maji. Nifanyeje?

Usiweke kapeti wala chochote kinachoshika maji chini yake. Ziba matundu ya gia na ya nyaya, badilisha mauntingi, bandika butili kwenye ukuta wa nyuma na kwenye paa tu. Sakafuni laza mkeka mzito wa raba wa kipande kimoja, uliokatwa kufuata umbo la sakafu na kupanda kwenye bati la mbele, usiogundishwa. Jioni uinue, umwage maji, uanike.